Aliyekunywa Mbele ya Watu

Mtoto hakuwa tena na machozi. Alilia kwa mdomo tu, midomo imepasuka, mama yake akimfuta uharo kwa kanga iliyokwisha kuloa. Benchi la zahanati lilijaa akina mama wenye watoto wa namna hiyohiyo.

"Wifi, nimenawa mikono kama ulivyotufundisha. Maji ni ya kisima kipya tu, ya mtoni sijagusa tena. Nimekosea wapi?"

Mwelimishaji wa afya alitazama sakafu. Wifi yake, mama wa mtoto, hakukosea popote.

Asubuhi ya uzinduzi wa kisima, bwana afya alikuwa ameshapima maji yale. Vyoo vya soko, kule juu, vilivujia kisimani. Mwenyekiti wa kamati ya ubia na wafadhili akamwambia afunge mdomo, wafadhili wako njiani. Mwelimishaji alikuwa palepale, akisikia. Kisha jukwaani Mwenyekiti akampa glasi ya maji ya dukani, naye akainywa yote, watu waamini ni ya kisima. Wifi ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Alitoka zahanati akaenda ofisini kwa Mwenyekiti.

"Tukifunge kisima. Watoto wanaisha."

"Karibu kiti, dada yangu." Mwenyekiti alikoroga chai. "Wageni wanarudi kutia saini awamu ya pili ya mradi. Semina, mabango, baiskeli za waelimishaji, na yako imo. Niwaambie nini? Kwamba tumewachimbia watu choo?"

"Basi nitawaambia watu mimi."

"Waambie." Akapuliza chai yake. "Mimi sikunywa."

Alikwenda kisimani. Foleni ya ndoo ilifika barabarani.

"Maji haya yana kinyesi," akasema. "Nilijua. Siku ile nilikunywa ya dukani."

Aliyekuwa zamu akaendelea kupiga pampu. Afadhali wangempiga.

"Sasa tuchote wapi, mwanangu?" bibi mmoja aliuliza, kwa upole uliomchoma kuliko kofi. "Mtoni kiwanda cha ngozi kinamwaga dawa zake."

"Chemsheni, bibi."

"Kwa kuni za nani? Za kamati?"

Wakacheka, kicheko cha watu waliozoea. Mmoja akasogeza ndoo yake kwa mguu. "Tupishe, mwalimu. Semina imekwisha."

Foleni ikasogea.

Hapo wifi yake akatokea na jagi tupu. Alikuwa amemwacha mtoto na jirani kwenye benchi la zahanati.

"Nesi anataka maji ya kukorogea dawa ya kuhara. Bomba la zahanati limekauka, na mkaa wa kuchemshia hawana."

Alikuwa amesikia yote akiwa nyuma ya foleni. Wanawake wakampisha, hata zamu hawakumdai. Akaliweka jagi chini ya mdomo wa pampu. Hakutukana. Hakulia.

"Mikono yangu haina nguvu," alisema. "Piga pampu, wifi."

Mwelimishaji akashika mpini. Maji yakatoka meupe, maangavu, mazuri kabisa kwa macho.