Zawadi ya Mama Godelive

Nyuma ya nyumba yake, mtaani Mudzipela, Scholastique alikuwa na bwawa la saruji lisilo na samaki hata mmoja wa kuliwa. Jambo hilo lilimuuma mumewe, Emery, kama jino bovu. Samaki wa mkewe walikuwa wa dhahabu, wenye tumbo la mviringo na mkia uliotanda kama shela la bibi harusi, walioletwa kutoka Kampala kupitia Ariwara ndani ya mifuko ya plastiki. Walikula, wakanona, wakapendeza. Kuzaa sasa! Mara mbili walitaga, na mara zote mbili wakageuka wakayala mayai yao wenyewe.

"Mama Glodie, hii njo mara ya mwisho," Emery alimwambia. "Kama hawazali tena, mu bassin natia tilapia."

Scholastique alikubali, maana safari hii alijua la kufanya. Asubuhi moja akakuta mizizi ya magugu-maji imejaa chembechembe za mayai. Haraka akawatoa wazazi, akawahamishia kwenye tangi la kioo sebuleni, lenye maji yaliyolazwa pipani ili dawa ya bomba iishe nguvu. Mayai akayaacha bwawani, akaenda sokoni akiimba. Kosa lake lilikuwa moja: bwawa lisiloonekana samaki, kwa jicho la mtu mwingine, ni bwawa tupu.

Aliporudi alimkuta mama mkwe wake, Godelive, amesimama uani. Alikuwa ametoka Iga Barrière bila taarifa, bidoni tupu, dumu la plastiki, miguuni, uso wote kicheko.

"Mama Glodie, umerudi! Siye hatukuyake mikono mitupu. Nimekuletea tilapia za muzima. Nimesha kuzitia mu bassin yako, hakukuwa kitu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hao hawakuwahi kufuga samaki. Scholastique alitazama majini, akawaona tilapia wakiidonoa mizizi kwa raha zao. Machozi yakamlengalenga. Lakini zawadi ya mama mkwe hairudishwi wala hailalamikiwi; unaipokea kwa mikono miwili. Kilichobaki ni kimoja, tena ni heshima kubwa: kuipika siku hiyohiyo.

Akajikaza kisabuni, akapiga vigelegele. "Aksanti sana, mama! Leo tunakula zawadi yako yote!" Akakimbilia wavu.

Jioni Emery alikuta ugali wa bukari, sombe ya majani ya muhogo, na sinia zima la tilapia wa kukaanga. Akaduwaa.

"Mbona haukule?" mama yake akamuuliza. "Si ni weye uliniomba ku telefone nikuletee za kuzalisha? Nilizani zitabakia mu maji, kumbe bibi yako ameniheshimu kabisa."

Scholastique aliacha kutafuna. Hasira ilimpanda mpaka masikioni.

"Baba Glodie! Ulimuomba mama tilapia mbele ya kujua kama yangu itazaa? Mayai yote ilikuwa mule!"

"Mayai gani?" Godelive akauliza. Akaelezwa. Akanawa mikono, akamgeukia mwanawe taratibu.

"Emery, baba yako alikufa bila kufunua nyungu yangu ya jikoni hata siku moja. Hii bassin njo nyungu ya bibi yako. Na miye sirudi Iga mbele nione kama kumebakia kitu."

Hakurudi kweli. Na ni yeye aliyepiga kelele uani asubuhi moja, juma lililofuata, hadi majirani wakatoka. Vijisamaki vyembamba kama nyuzi vilikuwa vikiogelea kwa kushtukashtuka kati ya mizizi. Havikuwa vingi, maana tilapia walikuwa wameshiba kwanza, lakini vilikuwa hai. Scholastique alilia kwa furaha bila kuona haya.

Emery akaja, akachuchumaa kando yake.

"Wanakulaka nini?" aliuliza. Tangu bwawa lijengwe, hakuwahi kuuliza hilo.

"Kwanza ile manjano ya ndani ya yai. Kidogo tu, unaipondaponda mu maji."

Emery aliingia ndani. Alirudi na yai alilochemshiwa kwa chai yake ya asubuhi, akalimenya palepale, akampa mkewe kiini.