Nyayo za Kutoka

"Mwenye kufagia mbele ya polisi iko na kitu anaficha," Connie alisema kwa mara ya nne, kwa sauti ya kuwafikia hata wa nyuma ya ukuta. "Mi sisemi ya kwangu. Tuliona wote, hapa hapa kwangu."

Kweli waliona wote. Kila Jumatano jioni ua mzima hapo mtaani Mbugangari ulijazana kwa Connie kutazama kwenye televisheni yake mchezo wa kale wa wapelelezi wawili wenye tai, picha imefifia, mfasiri anaropoka juu yake kwa Kinyarwanda na kuchomeka vichekesho vyake. Jumatano iliyopita, muuaji alikuwa mtumishi aliyepiga deki ngazi kabla polisi hawajafika. Kulipokucha Alhamisi, televisheni yenyewe ikawa haipo. Na Murekatete alikuwa ameshafagia ua.

"Nafagia kila siku, Mama Belise," alijibu Murekatete. "Hata siku ulizaa Belise nilifagia."

"Bon. Na siku ya mwizi pia."

Watu wakacheka. Matusi angeyajibu, lakini kicheko cha watu aliokula nao miaka tisa kilimtoa uani. Aliingia ndani akaketi kitandani, macho kwenye fulana yake ya kazi iliyotundikwa msumarini. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiifagia barabara ya ziwani mpaka Grande Barrière, lango la mpakani la kuvukia Goma, na msimamizi wao alikuwa na sheria moja: anayeitwa polisi, hata kwa swali, arudishe fulana siku hiyo hiyo. Tayari alikuwa akijiuliza itamkaa nani.

Wapelelezi walifika saa nane, Jumamosi ile. Majirani walivunjika moyo kidogo. Gatete alikuwa mfupi, viatu vina vumbi, hana tai. Mwenzake Umuhoza alikuwa dada mpole mwenye begi mgongoni. Hawakumfokea mtu wala kupiga meza. Upole huo ndio uliomtia Murekatete hofu. Connie aliwapa kesi ikiwa imeiva: ufagio ni ule, mfagiaji ni yule, na kwenye mchezo ilikuwa hivi na hivi. Gatete alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba ufagio uletwe.

Murekatete aliuleta kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Unaanzia wapi, mama, ukifagia?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake. "Kwa mulango ya kila mutu. Kisha narudi kinyumenyume mpaka kwa geti, nisikanyage penye nimemaliza."

"Na Alhamisi, kabla ya kufagia, chini palikuwa na nini?"

Swali hilo ndilo alilolikimbia siku tatu. Udongo wa pale, mweusi wa volkano, hauachi kitu. Kila alfajiri aliusoma kabla ya kuufuta. Paka wa jirani Saidati alipita hapa. Belise alicheza pale. Alhamisi aliona mstari mmoja wa viatu, visigino vimezama kama vya mtu aliyebeba mzigo, kutoka mlangoni kwa Connie hadi getini, na hapo alama ya magurudumu ya chukudu, kibaiskeli cha mbao cha kusukumia mizigo. Alidhani Gentil, mume wa Connie, kawahi kusukuma mzigo wa mtu Goma. Akafagia. Connie alipopiga kelele saa kumi na mbili ndipo ule mstari ulipomrudia, akafunga mdomo. Nyumba ya mtu si ya kuvunjwa na jirani.

Alimtazama Connie. Connie bado ameshika kiuno, anasubiri pingu.

"Nyayo za mutu mumoja," Murekatete alisema, sauti ikimtoka nyembamba. "Ziko za kutoka. Za kuingia hapakuwa."

Kalamu ya Umuhoza ilisikika ikikwaruza karatasi. Gatete aligeuka polepole, akamuuliza Connie ni nani hulala nyumba ile. Connie akasema ni yeye, na Belise, na Gentil. Gentil yuko wapi? Goma, tangu Alhamisi, na chukudu yake, atarudi leo. Maneno ya mwisho yalishuka kama redio inayoishiwa betri. Majirani mmoja mmoja wakakumbuka kazi zao.

Wapelelezi waliondoka kuelekea mpakani. Murekatete aliushika ufagio, mkono ukataka kufuta nyayo zao kwa mazoea, akauegemeza ukutani. Alipoinua macho, Connie alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake, kabati lilikuwa na mraba msafi uliozungukwa na vumbi, pale ilipokaa televisheni, na mkekani palikuwa na ubugari wa muhogo, samaki wadogo sambaza wa kukaanga, sahani tatu. Belise alikuwa ameanza kula.

Connie aliinama, akaiokota sahani ya tatu, ya Gentil, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaifuta tena.

"Mama Mure," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu Alhamisi. "Ingia, ule. Chakula itapoa."