Mgongo wa Kabati

Kwa miaka mitatu mfululizo nilishika nafasi ya pili upande wa wanawake katika mbio za baiskeli za klabu yetu, na miaka yote mitatu nilikuwa nimefura. Sifichi. Wako watu wanaovishwa medali ya pili wakatabasamu, wakapiga picha na shangazi zao. Mimi ya kwanza niliifungia kwenye droo ya vifungo, ya pili nikaitundika nyuma ya mlango, ya tatu sikumbuki hata niliitupa wapi.

Si kwamba sijui kushindwa. Nashindwa vizuri tu, mradi nishindwe na mtu aliyenishinda. Lakini aliyekuwa akibeba kombe la wanawake ni mfamasia wa duka la dawa la mtaa wa pili, na yule mama hakuwa akishindana, alikuwa akisindikizwa. Mbele yake, tangu filimbi ya kuanza hadi mita mia za mwisho, alikuwepo mumewe, mpakiaji wa ghala la saruji, mtu mpana kiasi kwamba klabu nzima tunamwita Kabati. Kwenye mbio zetu wanaume na wanawake huanza pamoja, kilomita arobaini, ila matokeo yanaandikwa kwenye karatasi mbili. Sasa ukijibanza nyuma ya mgongo wa Kabati, habari za upepo utazisikia redioni. Yeye anaupasua, wewe unazungusha pedali huku unawaza utapika nini. Mimi nilikuwa peke yangu, upepo wote wangu, vumbi lote langu, na nikifika mwisho midomo imekauka naambiwa, "Hongera, Fundi, wa pili tena!"

Hilo "tena" ndilo lililokuwa likinimaliza.

Mwaka wa tatu nilimfuata mwenyekiti wa klabu, mzee tunayemwita Filimbi kwa sababu haivui hata akinywa chai.

"Mzee, yule mama hashindani. Anabebwa."

"Sheria haikatazi mtu kuendesha nyuma ya mwenzake, Fundi."

"Mwenzake si mwanamke! Basi hilo kombe mpeni Kabati, na gauni nitamshonea mimi bure."

Akacheka mpaka filimbi ikalia yenyewe. Alipopata pumzi akasema, "Kwani wewe huna mume? Mlete."

Ninaye mume. Ni mwalimu wa udereva, na kila mtu anamwita Mwalimu, hata mimi. Ni mtu mzuri, mpole, ila ni mwembamba. Ukimsimamisha kwenye upepo, upepo unapita bila kujua kwamba kulikuwa na mtu. Ameketi miaka ishirini kando ya wanafunzi wanaotaka kumuua, mguu juu ya breki ya akiba, na kazi imemwingia mwilini. Nyumbani akitoka jikoni kwenda sebuleni anasimama mlangoni, anatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena.

Nilimpa miezi minne ya mazoezi. Miguu aliipata, namsifu kwa hilo. Upana ndio haukupatikana. Nikakaa nikajiuliza: hivi mimi nahangaika nini? Nimewashonea mabwana harusi wasio na bega hata moja wakatoka wanatisha kama wanajeshi. Nikachukua kitambaa, sponji na bitana ngumu ya makoti, nikamshonea fulana ya baiskeli yenye mabega mawili ya maana na mgongo uliosimama wenyewe hata kama hajaivaa. Aliomba mfuko mkubwa nyuma. Sikumuuliza wa nini, nikamwekea.

Alipoijaribu mbele ya kioo alijigeuza upande mmoja, kisha wa pili.

"Mke wangu, sipiti mlangoni."

"Pita kiubavu."

"Halafu nikuulize. Hili si ndilo ulilolalamikia miaka yote mitatu?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikamwambia asimame wima nimpime kiuno.

Siku ya mbio upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi, mpaka mabango ya klabu yakang'oka. Watu walipomwona Mwalimu walipigwa na butwaa. Kabati alikuja kumshika bega, kidole kikazama kwenye sponji, akakitoa taratibu na kujitia hamnazo. Mfamasia aliniangalia, nikamwangalia. Filimbi ikalia.

Jamani, mgongo wa mtu ni kitu kitamu! Sikujua. Kilomita ishirini na tano niliziendesha kama niko kwenye kiti cha sebuleni. Mabega ya sponji yalikuwa yanavuma mbele yangu, Mwalimu anaonyesha mkono kila kona hata kama nyuma yetu hakuna mtu, na mimi naimba. Ndiyo, naimba, katikati ya mbio! Wanaume waliokuwa wananipita kila mwaka sasa nilikuwa nawapita nikiwapungia. Mbele yetu, hatua hamsini tu, alikuwepo Kabati, na nyuma yake yule mama, kichwa kimeinama. Mwaka huu wangenitambua.

Tulipofika kona ya kiwanda cha matofali tukasikia mlio mkubwa. Pancha. Baiskeli ya Kabati iliyumba, akashuka pembeni, akamfokea mkewe, "Nenda! Usinisubiri, nenda!" Mfamasia akaenda, lakini anageuka nyuma kila mara kama mtu aliyesahau jiko limewaka.

Moyo wangu ulipiga kelele za furaha, Mungu anisamehe. Kombe lilikuwa langu. Nikamwambia Mwalimu aongeze mwendo. Badala ya kuongeza, akanyoosha mkono, akaupandisha na kuushusha taratibu. Anapunguza!

"Unafanya nini wewe?"

"Kuna chombo kimeharibika barabarani."

"Hicho si chombo, ni Kabati!"

"Miaka ishirini nawafundisha watu wasiipite gari iliyokwama," akasema, na tayari alikuwa ameshuka. Kutoka kwenye ule mfuko mkubwa niliomshonea kwa mikono yangu mwenyewe akatoa pembetatu nyekundu ya kuonya magari, akaikunjua, akahesabu hatua, akaisimamisha barabarani. Katikati ya mashindano. Wanaume waliokuwa wanakuja nyuma walipunguza mwendo na kupita kwa heshima.

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa, nikaendelea peke yangu. Hasira ni mafuta mazuri; ndani ya dakika tano nilikuwa nimemfikia mfamasia na kumpita. Nikasikia tairi nyuma yangu, karibu mno. Nikageuka. Alikuwa amejibanza mgongoni kwangu.

"Toka nyuma yangu!"

"Samahani, dada," akasema, pumzi juu juu. "Sijui kuendesha mbele. Sijawahi."

"Hujawahi vipi? Una makombe matatu nyumbani!"

"Sijawahi," akarudia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli na hapendi anachokisema. "Nikimwambia anipishe, anasema nitaumia."

Nikasogea pembeni. "Haya, njoo mbele ujifunze."

Akaja mbele. Upepo ulimpiga kikumbo akakimbilia mtaroni, akarudi, akaenda upande wa pili, kofia imemkalia upande. "Mama yangu!" akapiga ukelele. "Hivi ndivyo ulivyo siku zote?"

"Siku zote, mama. Karibu sana!"

Hapo ndipo kicheko kilipotuanza. Sijui nani alitangulia. Tulicheka mpaka baiskeli zikawa zinatetemeka, watu wawili wazima wenye watoto shuleni, kisha tukapokezana: dakika moja mbele yeye, dakika moja mbele mimi. Kila akija mbele alikuwa ananyooka zaidi. Zamu ya sita nilianza kupata shida kumfuata, na nikaacha kucheka.

Zilipobaki kilomita tatu tukasikia kengele nyuma yetu. Nikageuka na nusura nianguke. Kabati alikuwa anakuja, macho mekundu, jasho linamtiririka kama amefunguliwa bomba, na nyuma ya mgongo wake, ametulia kama abiria, alikuwepo Mwalimu na sponji zake.

"Shemeji!" Kabati akaita. "Nimekuletea mumeo! Kanisaidia pancha, siwezi kumwacha njiani!" Akatufikia, akamwachia Mwalimu nafasi ya kutangulia, na miguu yake ikagoma hapo hapo. Tulimwona anabaki nyuma, hoi bin taabani, anatupungia mkono. Alikuwa ameutoa mgongo wake wote kwa ajili ya mume wa mpinzani wa mkewe.

Mwalimu akaja mbele yangu, mpya kabisa, hajachoka hata kidogo. "Ingia nyuma, mke wangu. Twende."

Nikaingia. Ningesema nilisita ningekuwa nadanganya. Niliingia kama mtu anayeingia kitandani. Upepo ukakatika, miguu ikapata raha, na tukaanza kumwacha mfamasia. Hatua tano, kumi, ishirini. Kombe nililolitamani miaka mitatu lilikuwa mwisho wa ile barabara na hakukuwa na mtu wa kunizuia.

Nikageuka kumtazama, nimfurahie mara ya mwisho. Alikuwa ameinamia usukani, kofia upande, peke yake, upepo wote wake, vumbi lote lake. Hakuwa akiangalia nyuma tena kumtafuta Kabati. Alikuwa akiangalia mgongo wangu. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, kwa sababu macho yale nayajua, ni yangu. Na kesho yake angeenda kwa mzee Filimbi kusema ninabebwa, na angekuwa anasema kweli.

"Mwalimu!" nikapiga kelele. "Toa ishara, toka barabarani!"

"Nini?"

"Toka! Kaa kando! Nikikuona tena kabla ya mstari wa mwisho hutakula kwangu!"

Hakubishana. Alitazama kioo kidogo alichokifunga kwenye usukani, akanyoosha mkono, akahakikisha hakuna anayekuja, akaegesha baiskeli pembeni vizuri kabisa. Upepo ukanipiga kifuani kama mlango. Nikapunguza mwendo mpaka mfamasia akanifikia, tukawa bega kwa bega.

"Umemfukuza?" akauliza.

"Nimemfukuza. Sasa usizungumze nami, nashindana."

Tulikwenda kufa kupona. Sijawahi kujikaza vile. Barabara ya mwisho watu walikuwa wamejaa pande zote wanapiga makofi, na sisi hatusikii chochote ila pumzi zetu wenyewe. Nikatangulia, akanipita, nikamrudia. Kwenye mstari alinishinda kwa nusu gurudumu.

Alijitupa kwenye majani akiwa bado ameshika usukani. Mzee Filimbi alipomwambia ni wa kwanza, alimwangalia mzee, kisha akanigeukia mimi. "Peke yangu?"

"Peke yako, mama," nikamwambia. "Nilikuwepo."

Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Kabati alipofika akisukuma baiskeli na kumwona vile alidhani ameumia, akakimbia kwenda kumbeba. Mkewe akampiga kofi la mkono amwache. Mimi nilikaa kando yao nikaitafuta ile hasira yangu ya kila mwaka, nikapekua kila mahali, haikuwepo. Nilikuwa wa pili tena, nina furaha ya kijinga, na Mwalimu alikuwa bado kilomita mbili nyuma ameegesha anasubiri ruhusa.

Jumatatu nilikuwa nakata suruali dukani mfamasia alipoingia na mfuko. Akatoa makombe matatu, akayapanga juu ya meza yangu ya kukatia, moja moja, bila haraka.

"Haya ni yako," akasema. "La juzi nimebaki nalo."

Mtu mwenye adabu angekataa mara mbili ndipo apokee. Mimi niliyapokea yote matatu hapo hapo, nikayaweka rafuni kando ya nyuzi. Hakuondoka.

"Nataka na fulana ya mwakani. Kabati hataendesha, wamekubaliana na mumeo wagawe maji njiani."

"Mwalimu akigawa maji, itabidi kila mtu asimame kabisa na kuzima taa."

Akacheka. Nikachukua futi ya kupimia, nikamzunguka. Ule mgongo nilikuwa nimeulaani kutoka mbali miaka mitatu, na siku zote niliuona mkubwa kwa sababu ya ule mwingine uliokuwa mbele yake. Nikapima bega hadi bega, nikaandika, nikapima tena kwa kuwa sikuamini. Ulikuwa mwembamba kuliko wangu.

"Simama wima," nikamwambia. "Mwakani nakushinda."

"Jaribu," akasema, akanyoosha mabega.