Gari la Kumpeleka Waridi

"Lijaribu mwenyewe," Mursal alisema, akiukandamiza mkia wa gari kwa viganja viwili. Gari likabonyea, likapanda, likabonyea tena. "Kwenye kona linanikataa. Kwenye mashimo linaturusha kama bisi. Na Jumatatu nahamia Mombasa na mke wangu."

Zubeiri alitoka uvunguni akijifuta grisi. "Mafundi wako wengi mjini, Bwana Mursal."

"Wako. Lakini mgongo wa Waridi waujua wewe kuliko mimi."

Zubeiri akainamisha kichwa, akapokea funguo.

Kabla ya kuolewa na Mursal, Waridi alikuwa mke wa Zubeiri. Mgongo ulimharibikia siku alipomzaa mtoto wao wa pekee, aliyezaliwa asubuhi akazikwa jioni. Baada ya maziko nyumba yao ya Majengo iliingia kimya. Ndani ya kimya kile, kwa sababu ya chumvi tu kwenye mchuzi, Zubeiri alitamka talaka tatu kwa pumzi moja. Kulipokucha alikuwa kwa kadhi, analia. Maneno yalikwishatoka, na talaka tatu hazirejewi.

Sasa alifungua springi za nyuma za gari, akatoa vyuma vilivyochoka na kutia vipya, virefu na laini. Akafunga shokomzoba mpya za kumeza mitikiso. Matairi yenye vipara akayavua, akaweka mapana yanayoshika njia. Kisha akamwita jirani yake Otiende, dereva wa halmashauri, aendeshe kuelekea mtaa wa Donholm, kwenye barabara ya mawe. Yeye mwenyewe akakaa kiti cha nyuma.

"Fundi gani hujaribu gari akiwa nyuma?" Otiende aliuliza.

"Endesha, ndugu yangu. Usilikwepe shimo hata moja."

Kila shimo Zubeiri alijishika kiuno. Waliporudi akazifungua springi zote upya, akazipunguzia ugumu. Wakaenda tena. Safari hii Otiende alimtazama kwenye kioo.

Jumatatu Waridi alikuja na mumewe, kajifunika buibui. Mursal alipokwenda kufunga mizigo, wakabaki wawili.

"Nimesikia umelitengeneza vizuri," Waridi alisema.

"Halitakurusha. Mkifika Voi mwambie asimame, ushuke ujinyooshe."

"Nitamwambia." Alishika mlango wa gari, asiufungue. "Zubeiri, pale kwa mtoto pameota magugu. Nilikuwa nayang'oa mimi."

Zubeiri hakuwahi kujua kwamba Waridi alikuwa akienda kaburini.

"Nitayang'oa," alisema.

Gari likaondoka. Likavuka mtaro wa mwisho wa mtaa kama linalopita juu ya godoro, likakata kona bila kuyumba, likapotea.

Jioni ile Otiende alileta baiskeli yake ijazwe upepo. Zubeiri alichukua pampu, akachuchumaa, akapiga. Akapiga. Tairi likakaza, likawa gumu kama mfupa, naye bado anapiga, macho yake kwenye kona, hadi Otiende alipochuchumaa kando yake na kuushika mkono wake taratibu.

"Inatosha, fundi. Inatosha."