Swali la Fundi Cherehani

Siku ya tisa baada ya kumzika mumewe, mwalimu alirudi darasani. Shemeji yake alimsihi apumzike kwanza. Akajibu kwamba nyumbani hakuna cha kumpumzisha, na alisema hivyo kama anayesoma risiti.

Wanafunzi wake walikuwa wanawake kumi na mmoja walioachishwa kazi kiwanda cha nguo kilipofungwa. Hakuna aliyewahi kuandika programu ya kompyuta. Kwa kuwa kila somo aliwakumbusha kuweka nuktapacha mwisho wa mstari, walimbandika jina la Mama Nuktapacha. Siku hiyo hawakulitumia.

Aliandika ubaoni mistari michache.

"Lugha hii ya kompyuta haina makuu," alisema. "Programu inamuuliza mtu swali. Akijibu hivi, inafanya hili. Vinginevyo, inafanya lile. Tungeni swali lolote."

Sauti yake ilitoka sawasawa, ila aliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Akapita kati ya meza akirekebisha mabano yasiyofungwa na nafasi zilizozidi. Vidole vilijua kazi yao. Yeye mwenyewe hakuwepo.

"Mwalimu, yangu imegoma!" aliita fundi cherehani, mkubwa wao kwa umri, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Nuktapacha, bibi. Mstari wa pili."

"Kumbe! Vidoa viwili hivi ndivyo vinanitoa jasho?" Akaviweka. "Haya, ijaribu wewe."

Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea swali: *Umekula leo?*

Mwalimu akaandika: *hapana.*

Jibu likaja: *Basi kaa chini, mwanangu.*

Alisoma mara mbili. Alingoja machozi, hayakuja. Akamtazama fundi, naye fundi akajifanya anafuta miwani. Mwalimu akavuta kiti akakaa, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Fundi akamsogezea chupa ya chai na kipande cha mkate, kisha akajikongoja hadi ubaoni.

"Jamani, tuendelee. Nani hajaelewa hapo kwenye 'vinginevyo'? Semeni, msione haya, hata mimi nimebahatisha."

Wakacheka. Mikono mitatu ikainuka. Mwalimu akamega mkate, akatafuna. Haukuwa na ladha yoyote, lakini aliumaliza wote. Fundi alipokosea mstari wa mwisho, mwalimu akamsahihisha akiwa amekaa palepale.