Wa Kumwitikia Isidore

Rosine alimchukia Dorothée kabla hata hajamwona sura.

Na kwa nini asimchukie? Mumewe Isidore hakuwa anasema kitu nyumbani tangu shimo la dhahabu la Lusangi liwaangukie yeye na shemeji yake, Pitchou. Pitchou, ndugu yake Rosine wa tumbo moja, alitolewa maiti. Isidore alitolewa mzima, lakini akipewa ugali anakula, akiulizwa jambo anatikisa kichwa, basi. Watu wakashauri apelekwe kituo kimoja hapo Kasongo, kwa Dorothée, muuguzi anayewatibu kwa muziki walioumia moyo. Rosine akakubali, maana alikuwa amechoka kuishi na ukuta.

Sasa jirani yake Aicha, mwenye mdomo usiojua kupumzika, akaja kusema amepita karibu na kituo na kumsikia Isidore akiimba. Tena huyo Dorothée anamwitikia, wamekaa wanatazamana. Aicha aliapa kwamba hasemi kwa ubaya. Mapenzi ni kikohozi, akasema, hayafichiki. Halafu akaomba chumvi.

Wivu ulimpanda Rosine. Miezi yote hiyo amemwogesha mume, amembembeleza atamke jina lake tu, na hakupata hata nusu ya neno. Mwanamke wa pembeni anapewa wimbo mzima! Akajifunga kikwembe cha pili kiunoni, kama wanavyofanya wanawake wanaokwenda kupigana, akapanda pikipiki mpaka kituoni.

Aliwakuta barazani, watu wachache na ngoma moja. Isidore alikuwa mkekani, macho amefumba, anaimba wimbo wa wachimbaji. Kila mke wa mchimbaji anaujua: aliye shimoni anaimba, aliye juu anaitikia, na maadamu sauti zote mbili zinasikika, hakuna aliyekufa. Aliyekuwa akiitikia ni Dorothée, mama wa makamo mwenye miwani. Hakuwa mrembo, na hilo lilimuuma Rosine zaidi. Angekuwa mrembo, Rosine angalau angeelewa mumewe amefuata nini.

"Baba Sagesse," akamwambia mumewe kwa jina la mtoto wao, "kwangu uko bubu. Kwa huyu mama uko na sauti. Amekupa nini?"

Ngoma ikanyamaza. Isidore akafumbua macho, akamtazama mkewe.

"Nyumbani nilianza kuimba," akasema polepole. "Ukaniziba mudomo na mukono. Ukasema kilio ya Pitchou haijaisha, hakuna mutu wa kuimba mu hii nyumba."

Kweli, Rosine alisema hivyo. Kwao wimbo wa kazi hauimbwi kabla matanga hayajaondolewa, na Rosine aliishika desturi hiyo kwa nguvu zote za uchungu wake. Hakujua kwamba mume aliyemziba mdomo alikuwa bado yuko shimoni.

"Niliita," Isidore akasema. "Hakuna mutu aliniitika."

Rosine alitaka kulia, akaona aibu kulia mbele ya yule mama. Hasira haikuwa imemwisha, ila ilikosa pa kwenda. Akavua viatu, akakanyaga mkeka.

"Sogea, Mama," akamwambia Dorothée. "Huyu wa shimoni ni wangu."

Dorothée akasogea. Isidore akaanza upya, na Rosine akaitikia kwa sauti kavu, mbaya, juu kuliko ngoma, asibaki mwingine wa kuitikia.