Kadi Arobaini na Moja

...na hii ndiyo inayonigomea, nimeihamisha mara nne tangu alfajiri na bado haikai, kadi yenye maneno manne kwa mwandiko wa mke wangu, Anafunga mlango, hatazami nyuma, nikiiweka mwisho wa safu riwaya inaisha mke akiwa ameondoka, nikiiweka katikati zinabaki kurasa za kutosha za kumrudisha, na kesho ni tarehe mosi, kesho mwezi wa kuandika unaanza na kundi zima linaanza, siku thelathini, maneno elfu hamsini, yaani elfu moja mia sita sitini na saba kwa siku, nimeyagawa mwenyewe, siku ya mwisho yanapungua kumi, hesabu ninayo, kinachokosekana ni mpangilio, kadi arobaini na moja zimetandazwa juu ya meza ya kulia na mimi mwenye shahada ya ukutubi, mtu aliyeajiriwa miaka ishirini na sita kujua kitu gani kinafuata kitu gani, sijui mke wangu alitaka nini kitangulie... "Hili jiko lako lina kiburi, shemeji," anasema mdogo wake kutoka jikoni, mlango uko wazi, namwona mgongo tu, "maji haya yanachemka au yanafikiria?" nami namjibu kwamba moto wa upande wa kulia una nguvu zaidi, anasema angalijua angalianza na huo, lakini hahamishi birika, ni tabia ya familia yao, wakishaanza mahali hawahami... alikuja bila taarifa, nusu saa iliyopita, akaona vikombe viwili vimeshawekwa mezani akasema, "Kumbe ulijua nakuja," nami nikasema karibu, neno ambalo halikumdanganya wala halikumweleza chochote... simu inatetemeka karibu na kadi ya mvua, simu ya marehemu, sijaizima hata siku moja, ni kundi lao la waandishi, mwenyekiti wanayemwita Kamishna ameandika, Wenzangu, mizigo tayari? Kesho tunaondoka na hakuna kusubiriana, wenye ramani watangulie, wakurupukaji msiopanga mfuate vumbi, halafu mtu nisiyemjua sura ananiuliza mbele ya watu thelathini, Bwana Rafu, umeshapanga? Bwana Rafu ndiye mimi, niliijua habari hiyo nilipoingia kundini kuwaambia amefariki, wakanipa pole, na mmoja wao katika kunipa pole akaniita hivyo, pole sana Bwana Rafu, ndipo nikasoma nyuma, miaka sita ya ujumbe, nikakuta wageni wanajua kwamba ninaosha kikombe kabla mgeni hajameza funda la mwisho, kwamba viatu vyangu vinakaa kwa mwaka wa kununuliwa, kwamba siku ya arusi yetu nilimsahihisha mshereheshaji tarehe, walicheka sana, naye alicheka nao, kwa vidole, upande wake wa kitanda, huku mimi nikidhani anazungumza na wateja... na nikawaandikia, kwa ukali wa mtu aliyechekwa asiweze kucheka naye, Nitaiandika mimi riwaya yake, wakanitumia mioyo na mikono iliyokunjwa, hakuna aliyeniuliza kama ninaweza, hakuna aliyeniuliza kama niliisoma... sikuisoma. Kamba ilitoka juu ya mlango wa chumba chake cha kushonea hadi dirishani, kwa kawaida aliitundikia vipande vya karatasi vya kukatia nguo, kola, mikono, viuno vya watu, na mwaka jana mwezi kama huu akavishusha vyote akatundika kadi kwa vibanio vya nguo, alisema miaka mitatu amekuwa mkurupukaji na miaka mitatu ameishia njiani, safari hii anataka ramani, na kadi zenyewe nilimletea mimi, zilikuwa za maktaba, za zile droo ndefu zilizotupwa tulipohamia kwenye kompyuta, maboksi manne niliyoyabeba kwa sababu sikuweza kutazama yakichomwa, kila moja nimeipiga chapa mimi, jina la mwandishi, kichwa cha kitabu, namba ya rafu, akageuza moja akatazama nyuma yake palipo wazi akasema, "Mgongo wa kazi yako una nafasi," nami nikaona amenipa sifa, sikumbuki kwa nini... mimi ni mrefu, ile kamba ilinifika usoni, ilibidi niiname kila nilipompelekea chai, miezi minne niliinama, mwezi wa kupanga, mwezi wenyewe ambao aliandika siku tatu tu kabla ya kulazwa, na miezi miwili ya kwenda na kurudi hospitali ambayo kadi zilining'inia pale kwa sababu alisema, "Usizitoe, nikirudi nitaendelea," niliinama mara ngapi sijui, mara mia tatu, na mara moja aliniuliza, mkasi mkononi, bila kugeuka, "Umezisoma?" nikamwambia nitasoma ukimaliza, sipendi kazi nusu, akasema haya, neno lile fupi, akaendelea kukata kitambaa, nami nikainama nikatoka... "Shemeji, sukari umeificha wapi?" Rafu ya pili, nyuma ya chumvi. "Nyuma ya chumvi ndiyo ya nini, mtu si atakunywa chai ya chumvi?" anacheka peke yake, kicheko hicho, sauti ileile ikiwa imekazwa kidogo, kama redio ya jirani, natamani anyamaze na naogopa atanyamaza... na siku ya msiba wakasema chumba kinahitajika, wanawake watalala humo, nikaingia kuzishusha, mlango nikaufunga, nilikuwa na dakika ishirini, na mikono ikafanya inachokijua, nilizishusha moja moja, nikazigeuza upande uliopigwa chapa, upande wangu, nikazipanga kwa majina ya ukoo ya waandishi, A hadi Z, kama zilivyokuwa kwenye droo, mtu mwingine yeyote, mwashi, muuguzi, mtu asiyejua kusoma, angezishusha tu zikabaki kwa mpangilio wake, ilihitaji mtaalamu kuziharibu, na nilipozifunga kwa mpira nilihisi utulivu, utulivu pekee wa wiki ile, nikaona nimehifadhi kitu... miezi tisa baadaye nikazigeuza. Bwana Rafu anatafuta ufunguo ambao hakuupoteza yeye. Mvua, chumba kimoja, sufuria moja. Mke anajifunza kulala katikati ya kitanda. Bwana Rafu anaandika barua, anasahihisha barua, hatumi barua. Hakuna namba, hakuna tarehe, namba ilikuwa kamba yenyewe, nimezipanga kwa akili wiki mbili, ya kwanza haikunipa shida, Bwana Rafu anachemsha maji, anatoa vikombe viwili, hiyo ni asubuhi ya ndoa, ni mlango wa kuingilia, nikaiweka juu kushoto, na zile za chumba kimoja na sufuria moja nikaziita kumbukumbu za ujana wake, na ile ya kulala katikati ya kitanda nikaona mume amesafiri kikazi, mkutano, siku tatu hivi, kila moja niliipatia mahali kwa kuisukuma, ila hii ya maneno manne, na ndiyo maana jana nikachukua kadi mpya, ya arobaini na mbili, nikaandika kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko wangu ulionyooka, Mke anarudi, nikaiweka mwisho, nikaitazama, ilikaa vizuri, ilikaa kama kitabu kilichorudishwa kabla ya siku yake... uongo mzuri hukaa hivyo. "Bado unazo?" amekuja, anafuta mikono kwenye kanga ya dada yake, amesimama begani kwangu, nasema ninazo, anasema, "Zote? Kwa mpangilio wake?" nami nasema zote ninazo, jambo ambalo ni kweli, na yeye ananyoosha mkono bila kuomba ruhusa anachukua ya kwanza, ile ya vikombe, anaisogeza machoni, "Masikini, wino umekufa huu, jua lile la dirishani, nilimwambia weka pazia akasema pazia linampotezea rangi ya nyuzi," anairudisha, anaiweka vibaya, namwacha... wino. Alitumia kalamu ya zambarau, ile ya kuchorea, na mimi wiki mbili nasoma maneno kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na sikutazama wino, tazama, ya vikombe imefifia imekuwa kama maji ya kusuuzia kikombe, ya barua inaifuata, ya mvua ni zambarau hasa, na hii iliyonigomea, hii mkononi mwangu, imekolea kama iliyoandikwa jana, haikuguswa na jua kabisa, ilikuwa mlangoni, juu ya kichwa changu, hiyo ndiyo niliyokuwa naiinamia ya kwanza kila nilipoingia na trei, basi mpangilio upo, haukupotea, uko ndani ya wino na ninaweza kuupanga kwa dakika kumi kutoka mlangoni hadi dirishani au kutoka dirishani hadi mlangoni... kutoka wapi hadi wapi. Hilo wino hausemi. Aliyesoma hata mara moja anajua, na mimi naona haya kuuliza, nina umri wa miaka hamsini na nane na naona haya kumwuliza mdogo wa mke wangu ukurasa wa kwanza wa mke wangu uko upande gani... "Ulizisoma wewe?" nasema, anasema, "Si alinilazimisha? Nimekuja kupimwa gauni langu, ananiambia simama hapo mlangoni, unaanza hapo, ukiingia tu unaanza, usirukie, nikatembea nazo mpaka dirishani na pini zimenijaa kiunoni," anacheka, "nilicheka mpaka pini zikanichoma, yule Bwana..." anakomea hapo, anatazama kanga, "yule mume wa kwenye kadi," anasema, nami nasema Bwana Rafu, nasema polepole, ni mara ya kwanza ninalitamka, anasema, "Samahani, shemeji," nami nasema hakuna ubaya, ubaya upo lakini si wake... mlangoni. Unaanza mlangoni. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, anafunga mlango, hatazami nyuma, ameondoka kabla mume hajasema neno, na chumba kimoja si ujana wake, ni baada, na sufuria moja ni baada, na kitanda, hakuna aliyesafiri, hakuna mkutano, amelala katikati kwa sababu kitanda ni chake, kadi thelathini na kitu anaishi bila mimi na anaishi vizuri, nazitazama mezani na sasa zinasogea zenyewe, hakuna haja ya kusukuma hata moja, aliniacha kwenye kamba ile kwa miezi minne na mimi nikipita chini yake na chai, nikiangalia nisimwage, na hakunificha, alitundika hadharani kwa vibanio vya nguo, akauliza umezisoma... na hakuondoka, hilo nalo nilikumbuke, kwa mguu hakuondoka, alikaa miaka ishirini na mbili, alipopelekwa hospitali ni mimi niliyebeba mfuko wake na ni mimi niliyeufunga mlango, na nilitazama nyuma, kuona kama jiko limezimwa... "Ulifika dirishani?" nauliza. "Nilifika." Anavuta kiti lakini haketi. "Nikamwuliza, dada, sasa hiki kikombe cha pili cha nani? Karudi, au huyu mwanamume katoa viwili kwa mazoea tu? Akaniambia bado sijaamua, nitajua nikifika huko. Na pini mdomoni. Sasa nani anamaliza kitabu bila kujua mwisho, nikamwambia, akasema tulia nisikuchome," na anarudi jikoni kwa sababu amedhani amesikia birika, haikuwa birika... bado hakuwa ameamua. Nimetafuta hukumu wiki mbili na hakimu hakuwa ameandika, aliniacha na vikombe viwili mezani kama nilivyojiacha leo asubuhi, saa mbili na robo, mkono ukatoa viwili kabla kichwa hakijasema kimoja, kila asubuhi hivi, miezi tisa, halafu nakirudisha kimoja mahali pake na mpini ukitazama kulia, leo shemeji aliwahi kubisha, mke wangu aliujua mkono wangu kuliko mimi, alinisoma mpaka dirishani na mimi sikuvuka kadi ya kwanza... sina haki ya kukasirika na nimekasirika, ningependa kumwambia ulikuwa na mdomo, ungesema, soma leo, soma sasa, acha chai, naye angesema haya, lile fupi, na kuendelea kukata. Nachukua penseli, maktaba ni penseli tu, na kwenye pembe ya juu ya kadi ya maneno manne naandika 1, ndogo, inayoweza kufutika, siifuti, kesho elfu moja mia sita sitini na saba na yote ni yeye anatoka, nitampa viatu, nitampa mfuko mwepesi na asubuhi yenye hewa nzuri, sitamweka mume dirishani kumwita, na nikifika mwisho wa mwezi, kama nitafika, kile kikombe cha pili nitakikuta hapo kilipo, kwenye kadi ya vikombe namba arobaini na moja siiandiki... hii ya kalamu nyeusi, Mke anarudi, naichukua, ni karatasi nzuri, nzito, naiweka chini ya kimojawapo cha vikombe isije chai ikaacha duara kwenye meza, maneno yakitazama chini, na simu inatetemeka tena, Bwana Rafu, upo? na kutoka jikoni, "Shemeji, haya maji nayo yamekataa," nami nasema yaache hapohapo, yatachemka tu, na sinyanyuki.